Gesi ambayo hakuna aliyeinunua

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeniuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Kuna jambo nililokuwa nalikwepa, na nimeona nisipoliandika hili sitaandika lingine.

Ni hivi. Miaka miwili iliyopita niliandikia kiwanda kimoja kidogo cha maziwa programu ya kuweka hesabu za stoo. Jina lake sitalitaja, na kabla simu hazijaanza kulia niseme wazi kwamba hakiko hapa Mukurweini, wala hakiko Nyeri. Huku kwetu ukitaja maziwa kila mtu anafikiri unamsema shangazi yake anayepeleka lita nane kila asubuhi. Wa kwetu sina neno nao.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Jedwali la bidhaa, jedwali la wanaoleta, jedwali la vinavyoingia na vinavyotoka. Kila bidhaa ina jina, kiasi, bei, aina na namba ya rafu. Kwenye aina niliweka makundi matano tu, kwa sababu mwenye kiwanda alitaka ripoti itoshe karatasi moja. Asidi ya nitriki ya kuoshea mabomba, kostiki soda, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, zote nikazitupa kwenye kundi moja: Vifaa vya Usafi. Programu ikawa inachapisha orodha kwa kundi, kisha kwa alfabeti. Mzee wa stoo, mtu mwangalifu kuliko mimi, akapanga rafu zake zifuate orodha ile. Asidi ikakaa na dawa ya klorini, A na D, jirani kabisa. Nilipotembelea na kuona vile nilifurahi. Ni mwandishi gani wa programu asiyependa kuona dunia ikijipanga kama hifadhidata yake?

Asubuhi moja kibarua alitumwa apunguze vyombo vilivyojaa stoo. Akachukua jerikeni lililobaki na kitu kidogo chini, akakimimina ndani ya pipa la buluu lililokuwa pembeni. Pipa halikuwa na kibandiko. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya dawa ya klorini. Kwenye jerikeni ilikuwa asidi.

Alikohoa, akatoka mbio, akanawa uso, akapewa kikombe cha maziwa (si mnajua kwetu maziwa ni dawa ya kila sumu), akapumzika kidogo na kurudi kazini. Mchana akawa anawachekesha wenzake kwa kuigiza alivyokimbia. Saa tatu usiku akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta. Wakampeleka hospitali kwa bodaboda, ameshikiliwa katikati.

Simu yangu ililia saa nne na nusu. Alikuwa yule mzee.

"Kijana wangu, daktari anauliza amevuta nini. Nimefungua kompyuta nimemsomea orodha yako yote, vitu kumi na vinne. Anasema hakuna hata kimoja kati ya hivyo."

Na kweli hakikuwemo. Ile gesi haikuwahi kuagizwa, haikuletwa na lori, haikulipiwa, haikuwekwa kwenye rafu. Ilizaliwa pale pipani saa mbili asubuhi na kufikia saa mbili u nusu ilikuwa imeshapeperuka. Programu yangu ilikuwa sahihi kabisa, kila gramu ilikuwa mahali pake, na haikuwa na msaada wowote.

Mimi na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta tulianza kutafuta kwa intaneti. Aliyelitatua ni daktari mwenyewe, kwa swali ambalo mimi nisingelifikiria. Alimwuliza mgonjwa: ilikuwa na rangi gani? Kijana akavuta pumzi akasema, kama ndizi inayoanza kuiva. Kijani yenye manjano. Basi, klorini. Angesema kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, daktari angewaza naitrojeni dioksaidi, ambayo asidi ya nitriki hutoa ikikutana na vitu kadhaa. Zote mbili zina hila moja: mtu anaweza kujisikia nafuu kwa saa kadhaa, kisha mapafu yakaanza kujaa maji. Kwa klorini hakuna dawa ya kuondoa sumu yenyewe. Ni hewa ya oksijeni, na kumwangalia mgonjwa usiku kucha. Lakini ili umwangalie lazima ujue kuna cha kungojea. Kijana yule alikuwa ameachwa aende zake mchana mzima.

Alikaa wodini siku nne. Yuko hai, anafanya kazi nyingine. Akipanda mlima husimama katikati na kujifanya anajibu simu.

Sasa, nikiacha hadithi, kemia yenyewe wengi mnaiishi nyumbani bila kujua. Jik ni sodiamu haipokloriti. Ukiimwaga chooni juu ya ile dawa ya kusugua choo yenye asidi, unatengeneza klorini bafuni mwako. Ukiichanganya na kitu chenye amonia unapata kloramini, ambazo nazo huchoma koo na mapafu. Kiwandani ni mambo yale yale, ila badala ya chupa kuna mapipa.

Hoja yangu ya leo ni hii: daftari la stoo, liwe la karatasi au la kompyuta, linapaswa kuwa na sehemu ya vitu ambavyo havijanunuliwa. Vile vinavyoweza kuzaliwa humo ndani mambo yakienda mrama. Tena viandikwe kabla, mchana, watu wakiwa wametulia.

Si wazo langu. Ulaya walilifikia kwa njia ya machozi. Jumamosi tarehe 10 Julai 1976, saa sita na dakika 37 mchana, kifuniko cha usalama kilipasuka katika kiwanda cha ICMESA huko Meda, kaskazini mwa Italia, jirani na mji wa Seveso. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza trikolorofenoli, kemikali inayotumika kutengenezea dawa za magugu na za kuua vijidudu. Alfajiri ile kazi ilikuwa imesimamishwa kabla ya kumalizika, kwa ajili ya mapumziko ya wikendi. Hakuna aliyekuwa akikoroga mtambo wala kuupoza. Joto lililobaki kwenye kuta likapasha sehemu ya juu ya mchanganyiko, mmenyuko ukajianzisha taratibu, na saa sita hivi baadaye ukalipuka kwa mvuke. Katika joto lile kilikuwa kimezaliwa kitu ambacho kwa kawaida hutokea kidogo mno: TCDD, aina kali kuliko zote ya daioksini.

Wingu likaangukia bustani za watu. Siku zilizofuata kuku na sungura wakaanza kufa, watoto wakatoka vipele. Watu waliambiwa wasile mboga zao, lakini sumu ni nini hasa hawakuambiwa. Maabara ya kampuni mama kule Uswisi ilikuwa imeshaona daioksini kwenye sampuli. Serikali ya Italia ikajulishwa kama siku kumi baada ya ajali, na watu wa kwanza wakahamishwa tarehe 26 Julai. Siku 16! Wanyama zaidi ya 3,000 walikufa, na makumi ya maelfu wakachinjwa baadaye ili sumu isiingie kwenye chakula.

Kinachoniuma mimi kama mtu wa programu ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa. Kemikali ile ile ilikuwa imeleta ajali Nitro, Marekani, mwaka 1949, tena Ludwigshafen, Ujerumani, mwaka 1953, tena Bolsover, Uingereza, mwaka 1968. Wataalamu walijua trikolorofenoli ikipata joto la kupita kiasi huzaa daioksini. Ilikuwa kwenye majarida. Haikuwa ukutani Meda, wala mezani kwa daktari wa Seveso.

Kanuni za Ulaya zilizopewa jina la mji ule zilitoka mwaka 1982. Zilipoandikwa upya mwaka 1996 liliwekwa neno moja ambalo nimelisoma mara nyingi mwaka huu. Walisema kwamba "kuwepo" kwa kemikali hatari kiwandani hakumaanishi tu zile zilizopo au zinazotarajiwa kuletwa, bali pia zile zinazodhaniwa zinaweza kuzaliwa mtambo ukishindikana kudhibitiwa. Toleo la mwaka 2012 limelishika neno hilo hilo. Yaani kwa sheria, gesi ambayo haijazaliwa huhesabiwa kama ipo. Mwanasheria aliyeandika vile angekuwa mwandishi mzuri wa hifadhidata.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na inadai kemikali hatari ije na karatasi ya maelezo ya usalama. Karatasi hizo zina sehemu 16. Watu husoma ya nne, huduma ya kwanza. Ya kumi ndiyo inayosema kemikali hii isikutane na nini, na ikiharibika hutoa nini. Kwenye kiwanda kile karatasi zote zilikuwepo, nimeziona kwa macho yangu, ndani ya faili safi yenye vumbi juu. Kwa Kiingereza. Ile ya asidi inasema isikutane na vitu fulani. Ile ya klorini inasema isikutane na asidi. Lakini kila karatasi imelala kwenye mfuko wake wa plastiki, na hatari haimo kwenye karatasi moja. Imo kati ya karatasi mbili.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndipo watu wa fani yangu tunapoweza kusaidia. Chuoni tulifundishwa kila kitu kiwe na mstari wake, tusirudie, tusichanganye. Vizuri. Lakini bidhaa 14 zina jozi 91: kumi na nne mara kumi na tatu, gawanya kwa mbili. Hakuna mzee wa stoo anayeweza kubeba jozi 91 kichwani. Kompyuta inazibeba bila kutoa jasho.

Nilikaa na zile karatasi wiki tatu. Kuna programu ya bure iitwayo CAMEO Chemicals, iliyotengenezwa na taasisi za serikali ya Marekani, NOAA na EPA, ambayo huzipanga kemikali kwenye makundi sitini na kitu kufuatana na tabia yake, halafu inakuambia kundi hili likikutana na lile inatarajiwa nini: joto, moto, gesi gani. Nilizipitisha bidhaa zangu zote 14 humo, kisha nikasoma sehemu ya kumi ya kila karatasi, kisha nikampelekea rafiki yangu mwalimu wa kemia anicheke.

Alinicheka kidogo tu. Maana yaliyotoka hayachekeshi. Asidi na dawa ya klorini tumeshaona. Asidi ya nitriki na ile spiriti ya kupimia maziwa: moshi wa kahawia, na huenda mlipuko. Sodiamu salfaiti ya boila na asidi yoyote: salfa dioksaidi. Amonia ya mtambo wa baridi na dawa ya klorini: kloramini. Asidi ya salfuriki ya kupimia mafuta ya maziwa, ukiimiminia maji juu yake: joto la ghafla, inaruka usoni. Na kuna moja iliyonifanya nisimame. Kostiki soda ikikaa kwenye aluminiamu hutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Aluminiamu iko wapi kwenye orodha yangu? Haimo. Kwa nini? Kwa sababu si kemikali, ni mitungi. Mitungi ya maziwa! Ilikuwa kwenye kundi la Vyombo, ukurasa wa pili wa ripoti. Nikaiongeza aluminiamu kama bidhaa ya 15, jozi zikawa 105.

Toleo la kwanza nililotengeneza lilikuwa balaa. Ukitoa chochote stoo lilikuwa linatoa onyo jekundu, kila mara, kwa kila jozi. Mzee aliling'ang'ania siku mbili, siku ya tatu akajifunza kubonyeza "Sawa" bila kusoma. Onyo lisilonyamaza ni sawa na hakuna onyo, hilo nililijua tangu zamani, lakini kulijua na kulikumbuka ukiwa na hasira ni mambo mawili. Sasa linasema mara mbili tu. Bidhaa ikiingia: usiiweke rafu hii, kwa sababu jirani yake ni fulani. Na mtu akibonyeza kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa AJALI: hapo inauliza vilivyokutana, au kama havijulikani, rangi na harufu, kisha inatoa ukurasa mmoja wa kumpelekea daktari. Ukurasa huo una majina ya gesi zinazowezekana na mstari mmoja mkubwa: hata akijisikia nafuu, asiachwe aende.

Kitufe hicho nakithamini kuliko jozi zote 105. Kuzuia ni bora, ndiyo. Lakini pipa lisilo na kibandiko litakuwepo siku zote.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi anaona najitwika kazi ya wahandisi. Anasema viwanda vikubwa vina watu wanaokaa mezani wiki nzima kuuliza "je, vali hii ikikwama?", na mimi na jedwali langu tutawapa watu usalama wa uongo. Nusu ya maneno yake nayakubali. Jedwali la jozi halijui kiasi, halijui joto, halijui kasi. Seveso haikuwa jozi. Ilikuwa mchanganyiko mmoja uliosahauliwa ukiwa moto. Jedwali langu lisingeona kitu. Lakini kiwanda chenye wafanyakazi 20, kinacholipa vibarua kwa siku, hakina mhandisi wa kukaa mezani wiki nzima. Kina mzee wa stoo, faili yenye vumbi na kompyuta moja. Nami ndiye niliyeiandikia kompyuta ile.

Wengine mtaniambia niulize akili bandia. Nimeiuliza. Inajibu vizuri ukiiambia nini kimekutana na nini. Saa nne na nusu usiku ule hakuna aliyekuwa anajua hilo, na pipa lilikuwa limeshamwagwa na kuoshwa kwa bidii ili mkubwa asione.

Na msifikiri maabara itatuokoa. Mkemia wa Serikali ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Peleka damu, peleka udongo, utapata jibu. Gesi ya asubuhi huwezi kuipeleka. Kwa tunaokaa kwenye matuta haya, orodha iliyoandikwa mapema ndiyo maabara.

Matuta yenyewe ni habari nyingine. Mukurweini haina uwanja tambarare wa kucheza mpira bila mtu mmoja kukimbilia mpira bondeni. Klorini ni nzito kuliko hewa kama mara mbili na nusu, huteremka. Kuna programu nyingine ya wale wale, ALOHA, inayochora jinsi wingu la gesi litakavyoenea. Nilijaribu kuwekea kituo cha kubuni hapa kwetu, ikanichorea umbo zuri kama jani, likavuka tuta kana kwamba tuta halipo. Inadhani ardhi ni bapa, na wenyewe wamesema hivyo kwenye maelezo yao. Huku gesi ingefuata mkondo wa maji hadi kwa anayeishi chini karibu na mto, pamoja na ng'ombe wake. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa ajali nimeandika tu: pandeni juu, msikimbilie bondeni. Sikuhitaji programu kwa hilo, lakini nimeona watu wakikimbilia mtoni kwa sababu kuna maji.

Kwamba tunajua sumu kwa kutazama miili ya watu si jambo la kiwanda kile peke yake. Owino Uhuru, Mombasa, haikuwa ajali ya siku moja. Kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Lakini kilichofichua risasi hewani si daftari la kiwanda, ni damu ya mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale. Mahakama ya Juu ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 kule Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi lenye tani kama 40 za methili isosianeti. Maelfu wakafa. Madaktari walipokea wagonjwa bila kujua kwa uhakika wamevuta nini, na mabishano kama mlikuwemo na sianidi, na kama watu wadungwe thaiosalfeti au la, yaliendelea muda mrefu baada ya maiti kuzikwa. Swali lile lile la simu yangu, mara elfu.

Karibu na sisi zaidi: Julai 2024 lori lililobeba sodiamu sianidi lilipata ajali sehemu za Rironi, Kiambu, na serikali ikatoa onyo kwa sababu sehemu ya mzigo haikuonekana. Watu wengi walilichukua onyo lile kama habari ya unga mweupe, usiule, usiuguse. Sawa. Lakini unga ule ukikutana na asidi hutoa haidrojeni sianidi, na hata unyevu wa hewa unaweza kuitoa kidogo kidogo. Aliyeuficha nyumbani akidhani ni kitu cha kuuza alikuwa analala chumba kimoja na gesi ambayo haikuwa kwenye lori.

Jedwali langu nitaliweka wazi mlichukue bure nikimaliza kulisafisha. Liko kwa Kiswahili, na mama anatafsiri ukurasa wa ajali kwa Kikuyu, ingawa tumebishana siku mbili juu ya neno la "mvuke". Mwenye kituo cha kupoza maziwa, kiwanda cha kahawa, duka la agrovet lenye stoo nyuma, niandikie. Badilisha bidhaa uweke zako. Msichukue jozi zangu kama zilivyo bila mtu wa kemia kuzipitia.

Wiki jana nilirudi kule kuweka toleo jipya. Mzee wa stoo alivaa miwani, akapitia orodha mpya kwa kidole, mstari kwa mstari, polepole mpaka nikaanza kutazama saa. Mwisho akaniuliza mbona maji hayamo.

Nikamwambia, "Mzee, orodha ni ya vitu mnavyonunua. Maji hamnunui."

Akanitazama juu ya miwani, hakusema kitu.

Maji sasa ni bidhaa namba 16, bei sifuri, rafu: kila mahali. Jozi zimekuwa 120, na 15 mpya ninazipitia usiku huu.